Kwa Nini Hatuna Picha ya Machu Picchu

Mmeniuliza sana kuhusu picha. Jerono ameuliza mara tano. Mama Faith ameniuliza kanisani, mbele ya mke wa pasta, ndiyo nione haya. Hata yule mwenzetu ambaye kwa mwaka mzima hakuandika chochote kwenye grupu isipokuwa kidole gumba, juzi ameibuka: "Picha ziko wapi?" Asanteni kwa kunijali. Mngenijali hivyo mwezi wa kumi na moja, siku ya kupanda ndege, tungekuwa saba na kila mtu angejipiga picha zake.

Haya, naandika mara moja, msome, mniache nifanye kazi.

Kwa wale watakaosomewa na hawanijui: mimi ni Rose, wengine huniita Mama Brian, nakaa Yamumbi. Nina kaduka karibu na geti la chuo kikuu kule Chepkoilel, napiga fotokopi na kubaindi kazi za wanafunzi. Kwetu hasa ni upande wa magharibi, lakini Eldoret imenilea miaka mingi. Safari hii haikuwa wazo langu. Ilikuwa ya Jerono, ambaye ni nesi na ni mtu wa maono. Aliona Machu Picchu kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo, mwezi wa nne, juu ya tangazo la dawa ya kupe. Kabla jua halijatua alikuwa ameunda grupu linaloitwa Peru Lazima na kutuingiza wanawake saba.

Tulipanga miezi kumi na tisa. Tulipanga rangi ya tisheti. Tulibishana wiki mbili kuhusu kofia, kama ziwe nyeupe ama maruni, na watu wawili wakatoka kwenye grupu kwa hasira, wakarudishwa, wakaombwa msamaha. Mwezi wa tisa Mama Faith aliuliza kama tutapitia mpaka wa Busia. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa na uhakika.

Halafu safari ikakaribia kuwa ya kweli na watu wakaanza kupata mambo. Mmoja ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Mmoja mume wake aliota ndoto mbaya yenye maji. Jerono mwenyewe, mama wa maono, alipangiwa zamu hospitalini, zamu ambayo haikuweza kubadilishwa na mwanadamu yeyote. Tulibaki wawili, mimi na Halima. Na wote mlijua kwamba mimi na Halima hatuongei.

Hapa lazima niseme ukweli, ama hadithi yote haitakuwa na maana.

Halima ni Msomali wa hapa hapa Eldoret, anauza vitambaa na mapazia mjini. Tulikuwa marafiki miaka ishirini. Mwaka juzi mama yake alifariki Jumanne asubuhi. Alinipigia saa tatu, akaniambia, "Rose, mama ameenda. Njoo." Ilikuwa wiki ya wanafunzi kukabidhi kazi zao, nabaindi majalada ya maruni, na foleni ilifika barabarani. Nikamwambia pole sana dada, nakuja, nimalize hii. Sasa kwetu mtu akifa kuna kamati, kuna mikutano, kuna hema na viti na ugomvi wa nani atasimamia jikoni. Una wiki nzima ya kuonyesha upendo. Nilijua Waislamu wanazika haraka, lakini haraka, kichwani mwangu, ilikuwa siku tatu. Nilifika Jumatano na akina mama wanne, sufuria mbili na gunia la mchele, tayari kukesha. Mama alikuwa amezikwa jana yake alasiri. Halima alitukaribisha vizuri, akapokea mchele, akaniambia, "Asante, Mama Brian."

Miaka ishirini hakuwahi kuniita Mama Brian. Wahenga walisema kawia ufike. Mimi nilikawia na sikufika.

Kwa hivyo msijidanganye kwamba tulienda Peru kwa ujasiri. Kila mmoja wetu alingoja mwenzake ajitoe, na hakuna aliyejitoa. Tulienda kwa ukaidi mtupu.

Kapseret

Mlikuja wote uwanja wa ndege kutusindikiza, Mungu awabariki. Watu watano wasiosafiri, wamevaa tisheti za safari. Mlituombea mpaka yule askari wa mlango akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Maombi yalipita Nairobi, yakavuka bahari, yakafunika kila tairi la ndege, na yalipofika amina ilibidi tukimbie na mabegi.

Jerono alinishika mkono akaniambia neno ambalo nimelikumbuka sana baadaye. "Watu wanaogopa milima ya Peru bure. Wewe ni mtu wa Eldoret. Mapafu yako ni ya mabingwa." Mimi, ambaye nikipanda ngazi za benki napumzika katikati nikijifanya natafuta risiti, nilimwamini kabisa. Hii ndiyo shida ya kukaa mji wa wakimbiaji. Unaona wengine wakikimbia kila asubuhi, unafikiri na wewe umefanya mazoezi.

Addis Ababa hadi São Paulo

Ya Nairobi sina la kusema. Addis tulikaa saa tisa kwa sababu ndege ilikuwa na tatizo ambalo kila mfanyakazi alilieleza tofauti. Halima alikuwa na kitambaa chake kichwani, kwa hivyo kila meza ya ukaguzi ilimpenda. Walimpekua mara tatu. Kila mara alirudi akakaa kiti cha tatu kutoka kwangu, akafungua biskuti zake, akasogeza pakiti kwenye kiti kilicho katikati, si karibu nami na si mbali nami. Nilichukua moja. Sikusema asante, kwa sababu ukisema asante umeanza mazungumzo.

Ndani ya ndege tulipangwa safu moja, na katikati yetu akakaa mzee mmoja wa Kibrazili mwenye masharubu mazuri. Mzee wa watu aliteseka. Aliona tunafanana mabegi, tumevaa tisheti moja yenye maandishi Peru Lazima, na hatuangaliani. Akasimama kwa heshima, akaonyesha kwa mikono kwamba yuko tayari kubadilisha kiti ili tukae pamoja. "No, thank you," tulimjibu wote wawili, kwa sauti moja, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana tangu mwaka juzi. Alikaa chini taratibu. Saa kumi na mbili zilizofuata alitupitishia chumvi, leso na kikombe cha maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, na tuliposhuka alitubariki kwa ishara ya msalaba, mimi na Halima pia.

Lima

Sasa mje mcheke, najua mnapangoja hapa.

Mimi siwezi kukaa wiki mbili bila ugali. Nilibeba unga kilo nne. Pakiti za dukani hupasuka kwenye begi, kila mtu anajua, kwa hivyo nikautoa nikaufunga upya kwa ustadi wa kazi yangu: vifurushi vinne vya mstatili, vimekazwa, vimezungushiwa ile selotepu ya kahawia ya kubaindia. Vilipendeza sana. Kuna watu wamefungwa kwa kutoa unga mweupe Amerika Kusini. Nadhani mimi ni wa kwanza kuuingiza.

Mbwa wa kunusa mizigo hata hakushtuka. Ni yule dada wa forodha aliyeshtuka. Aliweka vifurushi vyangu mezani kimoja kimoja, akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa. Nikaambiwa nikae. Nikasema ugali. Nikasema tena ugali, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile shida yao ilikuwa masikio. Nikaonyesha kwa mikono jinsi ya kusonga, na nadhani hapo ndipo nilipowatisha zaidi. Walidondosha dawa kwenye unga, wakangoja ugeuke rangi, haukugeuka. Wakadondosha nyingine. Asubuhi yote ikaisha hivyo. Mwishowe mkubwa wao akachovya kidole, akaonja, akafikiri, akasema, "Maíz?" Akaniangalia kwa huruma. Akatoa simu, akanionyesha picha za mahindi ya kwao: meupe, ya njano, mekundu, meusi tii, punje moja kubwa kama jino la farasi. Akaeleza, na dada mmoja akatafsiri kwa Kiingereza, kwamba mahindi yalianzia pande hizi za dunia. Nilikuwa nimembebea mvuvi samaki. Unga walibaki nao.

Nilitoka pale nikijua Halima ameshaenda zamani. Ningekuwa yeye, ningeenda. Nilimkuta amekalia begi lake mlangoni, viatu amevivua, amechoka hata kitambaa kimelegea.

"Kwani hukwenda?" nikamuuliza.

"Ningeenda wapi? Jina la hoteli unalo wewe."

Nikamwamini, tukatafuta teksi. Lakini kwenye teksi aliponyoosha mkono kumwonyesha dereva, niliona kijikaratasi kiganjani. Jina la hoteli lilikuwa limeandikwa hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, tangu Eldoret.

Chakula cha Lima nitasema kwa ufupi. Halima hali nyama asiyojua imechinjwa vipi, kwa hivyo tulikula samaki. Samaki wa kwanza waliyetuletea hakuwa ameona moto maishani mwake. Alikuwa amekatwakatwa, amelala kwenye ndimu na vitunguu. Mimi ni mtu wa karibu na ziwa, samaki naheshimu, nikamrudisha jikoni kwa upole ili wammalizie. Mpishi alitoka mwenyewe na sahani mkononi kuja kuniona mimi ni nani. Halima akachukua uma, akala vipande vitatu akimtazama mpishi machoni, akasema ni tamu. Hakunitazama mimi. Nilikula pia, na sitakubali hadharani kwamba ilikuwa tamu kweli.

Kuzko

Kutoka Lima unapanda ndege saa moja na kidogo, unashuka Kuzko, na hapo ndipo mapafu ya mabingwa yalipoingia kazini.

Mama mwenye nyumba ya wageni anaitwa Yolanda, mama mfupi mwenye misuko miwili mirefu ya nywele na amri nyingi. Alitupokea na chai ya majani ya koka, akaonyesha kitanda, akaweka shavu juu ya mikono: laleni. Halima akanywa akaenda kulala kama mtu mwenye akili. Mimi nilimweleza Mama Yolanda kwamba natoka Eldoret. Dereva wa teksi aliposikia Kenia alikuwa ameruka kwa furaha, "Maratón!" na kunipigia makofi nikishusha begi. Sasa ungekuwa wewe, baada ya makofi, ungelala? Niliweka chai chini, nikatoka kuzunguka mji.

Hakuna aliyeniambia kwamba Kuzko iko juu kuliko Eldoret kama vile Eldoret nyingine nusu ingebandikwa juu ya ile yetu. Jerono, wewe ni nesi. Nilifika kwenye ngazi za mawe za mtaa wa San Blas, na pale juu vijana wawili waliokwisha kusikia kuwa mimi ni Mkenya walisimama kunitazama nikipanda. Niliipeperusha bendera ya nchi hadi ngazi ya arobaini. Kichwa kikaanza kupiga ngoma, miguu ikaisha, nikakaa, nikatapika kwa adabu pembeni ya chungu cha maua. Wale vijana walihuzunika, nadhani si kwa sababu yangu, ni kwa sababu ya marathoni.

Walinirudisha wamenishika mikono. Mama Yolanda hakushangaa hata kidogo. Alivuta mtungi wa oksijeni kutoka nyuma ya mlango, mahali ambapo mimi huweka ufagio, akanivisha kile kifuniko chake cha plastiki usoni. Mchana wote nililala nikiona dari ikija na kurudi. Nilijua nakufa. Halima alikuwa amekaa kwenye kiti, ananipa supu ya viazi kijiko kijiko.

"Halima," nikamwambia, "nikifa hapa, tafadhali usinizike leo. Ngoja watu wangu waje."

Akacheka. Ai, akacheka mpaka supu ikamwagika kwenye blanketi la Mama Yolanda. "Wallahi, watu wenu? Watafika lini, Krismasi?"

Na mimi nikacheka ndani ya ile plastiki. Halafu akaacha kucheka, akashika kijiko bila kukichovya.

"Siku ile nilipiga simu moja tu kwa mtu asiye wa ukoo," akasema. "Moja. Wanaume wakambeba mama wakaenda makaburini. Sisi wanawake tukabaki nyumbani. Nilikaa naangalia mlango. Kila ukifunguka nasema huyo ni Rose. Anaingia shangazi. Ukifunguka tena, nasema sasa ni yeye. Wanaume wakarudi, wakanawa, wakala. Mlango ukafungwa."

Nilitoa kile kifuniko usoni. Nilikuwa na sababu zangu nyingi, nimezibeba miaka miwili kama ule unga: foleni, wanafunzi, desturi za kwetu. Zote niliziona hazina kazi. "Nilikosa," nikasema. "Si wanafunzi. Uliniambia njoo, na mimi nikachagua kazi. Nimeona aibu tangu siku hiyo, na nikaficha aibu kwa kukununia wewe."

Alinirudishia kifuniko usoni, akakaza kamba yake.

"Lala, Mama Brian," akasema.

Basi. Nililala na hilo jina.

Machu Picchu

Siku ya nne nikaweza kutembea bila kushika ukuta. Tulipanda treni inayofuata mto, halafu basi linalopanda mlima kwa kona ambazo zilinifanya nikumbuke maombi yenu na kuyathamini. Tulifika. Mahali maarufu kuliko pote, palipokuwa kwenye kalenda, juu ya dawa ya kupe. Hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, baridi. Tulisafiri siku nzima na nusu ya dunia kwenda kuona ukungu ule ule wa kwetu Timboroa.

Njia inapanda kwa ngazi hadi uwanja wa juu ambapo watu husimama kupiga picha. Nilipoona ngazi nikamwambia Halima atangulie, mimi na ngazi tuna historia. Nikakaa kwenye jiwe katikati ya njia. Nikatoa simu. Kulikuwa na ujumbe ulioingia asubuhi hotelini: mwanafunzi mmoja anauliza kama jalada la maruni bado liko na kama anaweza kulipata Ijumaa. Mtandao haukuwepo pale mlimani, lakini mimi nikaanza kuandika jibu, ili mtandao ukirudi likute liko tayari. Biashara ni nidhamu.

Nikasikia sauti kutoka juu, ndani ya ukungu. "Rose! Rose! Imefunguka! Njoo sasa!"

Na mdomo wangu, huu hapa, bila mimi kuutuma, ukajibu: "Nakuja, nimalize hii!"

Nilijisikia nikisema. Maneno yale yale, na hata rangi ya jalada ilikuwa ile ile.  Na ndipo nilipotambua kwamba ameniita Rose.

Nikakimbia. Mlinzi akapiga filimbi, kwa sababu pale ni marufuku kukimbia, na mzungu mmoja akapiga kelele "Kenya!" kwa kuwa tisheti yangu ilikuwa na bendera mgongoni. Sikumjibu. Nilipanda ngazi zile zote na kifua changu cha uongo, nikipiga mawe kwa goti, simu sijui nilikuwa nimeiweka wapi. Nilikuwa nalia hata kabla ya kufika.

Nilipofika juu, ukungu ulikuwa umefunga. Mweupe kote. Watu walikuwa wanaangalia picha kwenye simu zao wakishangilia. Halima alikuwa amesimama ukingoni, lakini ameipa Machu Picchu mgongo. Uso wake ulikuwa umeelekea ngazi.

"Imefunga," nikasema nikihema.

"Imefunga."

"Ilikuwaje?"

"Sijui. Nzuri, nadhani. Niliiona kidogo ilipofunguka."

"Hukupiga picha?"

"Ningepigaje?" akasema. "Nilikuwa naangalia kama unakuja."

Nikamshika. Tukalia pale mbele ya watu wa mataifa yote, wanawake wawili wazima wenye tisheti moja, hadi mlinzi wa filimbi akaja, akatuangalia, akaamua kwenda kumpigia mtu mwingine filimbi. Tulingoja saa mbili. Haikufunguka tena. Tukashuka, tukala viazi baridi vya Mama Yolanda nje ya geti, vya zambarau na vya njano, na Halima akanieleza siku ya mama yake yote, tangu alfajiri, saa kwa saa, kama ambavyo angenieleza siku ile ningekuwepo.

Chepkoilel

Tulirudi bila kitu cha kuwaonyesha. Kwa hivyo picha hakuna. Tisheti nimempa mama wa mboga. Na wewe Jerono, lile grupu la Brazil Lazima ulilotuingiza jana jioni, mimi na Halima tumetoka dakika ile ile. Ng'ombe wa watu wazae salama.

Jambo la mwisho ni la Alhamisi iliyopita. Ni wiki ya kukabidhi kazi tena, foleni imefika barabarani kama kawaida, mashine moja imekwama karatasi. Saa nne simu ikalia. Ni Halima.

"Rose," akasema, "njoo."

Akakata.

Nilivuta mlango wa chuma na wanafunzi kumi na wawili wamesimama nje na karatasi zao mkononi. Mmoja akaniuliza, "Sasa Mama, na mimi?" nikamwambia kesho. Nikapanda boda, nikamwambia mwendeshaji asiongee, akimbie tu. Njiani niliwaua watu wote wa familia ya Halima mmoja mmoja kichwani mwangu.

Niliingia dukani kwake sina pumzi. Alikuwa amekaa kati ya mapazia, mzima, watoto wazima, duka zima. Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni. Akaangalia saa ya ukutani.

"Dakika kumi na nane," akasema. "Keti, chai iko."

Hakukuwa na kitu. Alikuwa ananijaribu tu.